Tundu Lisilo na Kazi

Mwanzia alikiri upesi mno, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Muthoki.

Jana yake mzee huyu alikuwa amekana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alionyeshwa picha ya mashine ya kunyolea kwa wembe iliyomuua Opicho, akasema si yake, hajawahi kuitengeneza, na anayesema ni yake aletwe waapishwe wote wawili. Leo Muthoki alimletea mashine yenyewe. Watu wa alama za vidole walikuwa wamemaliza kazi yao, kwa hiyo aliitoa kwenye mfuko na kuiweka juu ya meza ya chumba cha mahojiano, mbele ya mikono ya mzee. Mwanzia akaitwaa. Akaigeuza, akaipapasa ubavuni kwa kidole gumba, na kidole kikasimama pale pale.

"Ni yangu," akasema. "Andika, mwanangu. Nimeitengeneza mimi."

"Jana ulisema nini?"

"Jana nilikuwa muongo."

Muthoki hakuandika neno. Tangu aanze kula mkate wa serikali alikuwa ameona watu wakikiri kwa kuchoka, kwa hofu, hata kwa majigambo ya pombe. Mtu wa kukiri kwa kugusa chuma hakuwa amemwona bado.

Opicho alikuwa karani wa kampuni ya mizigo, mtu wa watu, mcheshi. Jumamosi asubuhi aliingia kwa kinyozi pale Umoja apate kupendeza kwenye harusi ya binti yake. Akiwa amekaa kitini, sabuni mashavuni, wembe ukachomoka ubavuni mwa mashine na kona yake ikamzama shingoni. Hakufika hospitalini. Harusi ikageuka matanga, na bibi harusi akalia na gauni lake jeupe mbele ya watu waliokuja kucheza. Kwenye kitako cha mpini wa mashine hiyo palikuwa na alama ya korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, na hakuna kinyozi Eastlands asiyejua kuwa korongo huyo ni wa Mwanzia, fundi wa Kariobangi. Mkuu wa kituo hakutaka kusikia mengine. Kesho asubuhi mzee angesomewa shtaka la kuua bila kukusudia, na kwa umri ule na kifua kile cha kukohoa, akifungwa ndiyo basi tena.

Muthoki akatoa mashine ya pili, aliyoichukua kwenye karakana ya Mwanzia, akaiweka kando ya ile ya kwanza.

"Hii ni yako kweli. Nimeikuta kwenye rafu yako, na nyingine zote ziko hivi. Ukitaka kubadilisha wembe unashika kichwa kwa mkono mmoja, unazungusha mpini kwa mkono wa pili, kifuniko kinainuka. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Hii iliyoua haizungushwi. Wembe unachomekwa ubavuni tu. Halafu ina katundu kadogo hapa ubavuni, kamepenya mpaka ndani. Kwenye karakana yako hakuna hata moja yenye tundu. Tundu hili ni la nini, mzee?"

"La kutolea maji."

"Maji yanatokea mbele."

Mwanzia akatazama ukuta. Zote mbili zilikuwa za aina moja ya wembe, ule mnene wenye makali upande mmoja na mgongo wa chuma upande wa pili, lakini hata kipofu angejua kwamba hazikuzaliwa na mama mmoja. Ya karakana ilikuwa shaba nzito iliyong'arishwa kwa subira. Ya kinyozi ilikuwa nyepesi, imepakwa rangi ya shaba, na korongo wake alikuwa na mguu uliovimba.

"Mtu ameiga kazi yako," Muthoki akasema. "Ameiga mpaka alama yako. Uigaji wake umemtoa roho baba wa watu, na wewe unataka kumbebea msalaba. Kwa nini?"

"Kuiga!" Mzee alicheka kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi. "Mimi mwenyewe niliiga. Marehemu baba aliachiwa mashine ya namna hii na mzungu wa reli. Niliifungua, nikaona inavyofanya kazi, nikaenda kuitengeneza. Aliyeibuni alikufa kabla mama yangu hajazaliwa. Lakini nilichukua akili yake, sikuchukua jina lake. Jina niliweka langu, ili siku ikimkata mtu ajue aje kumgombeza nani."

"Basi aliyeweka korongo wako kwenye hii takataka ni mwizi."

"Sijasema hivyo."

"Mimi nimesema."

"Wewe hukukaa Gikomba," akasema mzee, na sauti yake ikawa ya upole ghafla. "Kabla sijashika chuma nilikuwa mchongaji. Kwenye kibanda chetu hatukuibiana. Ukitaka kuiga twiga wa mwenzako, unamwomba, naye anakupa ukae naye. Ila hakupi mzima. Anamng'oa sikio moja analitia mfukoni. Unachonga wako kwa kumtazama, ukimaliza unamrudishia wake, ndipo anakuonyesha sikio linavyokaa. Sikio hubaki na mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yetu, na aliyetufundisha..."

Akaisukuma mashine mbali naye.

"Nani aliwafundisha?"

"Nirudishe ndani, mwanangu. Nimesema ni yangu."

Muthoki alikuwa na haraka, na mwenye haraka hana masikio. Habari za twiga aliziona porojo za mzee aliyeishiwa maneno. Akaita askari, akakusanya mashine zake, akatoka huku amekasirika kwelikweli, maana alijua anadanganywa na hakujua ni kwa ajili ya nani.

* * *

Kinyozi aliitwa Kinyanjui, kijana mrefu mwenye nywele zilizosukwa vizuri na macho mekundu ya kukosa usingizi. Duka lake lilikuwa limefungwa kwa amri ya polisi, na kiti alichofia Opicho alikuwa amekifunika shuka.

"Niaje, afande," akasema, kisha akajirudi. "Shikamoo."

"Fungua tuone. Nionyeshe ulivyofanya."

Muthoki alikuwa amekuja na dhana yake. Vinyozi wengine, wembe unaofaa ukiwaishia, huvunja wembe wowote katikati wakaulazimisha kuingia. Kama Kinyanjui alifanya hivyo, basi kosa lilikuwa lake na Mwanzia angelala kwake leo. Lakini kijana alimtolea pakiti ya nyembe, akamtolea na mashine ya pili ya aina ile ile, bado imo kwenye karatasi yake ya plastiki. Nyembe zilikuwa zenyewe, za mgongo mnene. Alichomeka mmoja ubavuni, ukaingia na kubana.

"Unaona? Imeshika fiti. Mi si mjinga, afande. Nilicheki. Nikampaka sabuni, nikachovya kwa maji moto, nikapita mara ya kwanza, poa. Akanichekesha na story ya mkwe wake. Mara ya pili, hapa chini ya taya, nikasikia imeteleza. Ule mzee alinishika mkono. Hakunitukana. Alinishika tu mkono."

Muthoki alimwacha apumue. Kisha akauliza, "Na hili tundu?"

"Mi nilidhani ni la kamba. Ya kuitundika."

"Ulinunua wapi?"

"Eastleigh, kwa Roble. Wasee wote huku, vinyozi wote, wamebuy kwake. Walisema ni zile za Mzee Mwanzia."

Mmoja alisema ni la maji, mwingine la kamba. Tundu moja lilikuwa na kazi nyingi kuliko mbunge siku ya kampeni, na hata moja haikuingia akilini. Muthoki akaandikisha mashine ile mpya kuwa kielelezo, akaitia mkobani pamoja na nyembe, akaelekea Soko la Burma, kwa sababu njaa ilikuwa imemkaba na yeye akiwa na njaa hafikiri, hufoka tu.

Shitanda, muuzaji nyama aliyemjua tangu akiwa koplo, alimwekea mbavu za mbuzi, kachumbari na ugali juu ya ubao.

"Leo umenuna, afande. Ni nyama au ni kazi?"

"Una kichwa cha mbuzi ambacho hakijachomwa manyoya?"

"Kipo. Unataka supu?"

"Nataka kukinyoa."

Shitanda alimtazama kuona kama ni mzaha. Alipoona si mzaha alileta kichwa, karai la maji moto na kipande cha sabuni ya kufulia, akasimama pembeni mikono kiunoni. Muthoki akapaka povu kwenye taya la mbuzi, akachomeka wembe kwenye ile mashine mpya, akaichovya, akanyoa. Mara ya kwanza ilipita vizuri. Wateja wa meza ya jirani wakaanza kucheka.

"Kwani anaenda harusini?" mmoja akauliza.

Muthoki hakucheka. Akachovya tena, akanyoa kwa kukaza kidogo, na hapo akahisi kile alichokihisi Kinyanjui: kitu kinateleza, kidogo tu, bila sauti. Akainua mashine. Wembe ulikuwa umetoka ubavuni, kona yake imechomoza wazi, na kwenye ngozi ya mbuzi palikuwa na mkato mrefu uliofika mfupani.

Alirudi kwenye meza yake, akaketi, akausukuma ubao wa nyama kando. Akaifuta mashine. Akaurudisha wembe ndani na kuutazama ukikaa pale mahali pake, umebanwa juu na chini, lakini haujazuiwa na chochote ubavuni. Mbele yake palikuwa na kikombe cha vijiti vya kuchokolea meno. Aliokota kimoja bila kufikiri, kama mtu afanyavyo akishiba, na badala ya kukipeleka mdomoni akakitia kwenye tundu.

Kiliingia. Kilipita mbele ya ubavu wa wembe kama komeo la mlango na kusimama.

Akausukuma wembe kwa kidole. Haukutoka. Akachovya mashine kwenye karai la Shitanda, akakikandamiza kichwa cha mbuzi kwa nguvu zake zote, akanyoa taya lote mpaka likawa jeupe. Wembe haukusogea hata unywele.

"Loo!" akasema peke yake.

Basi tundu lilikuwa na kazi. Palikuwa na pini ya kukaa humo, na aliyeiga aliona tundu asione pini. Hakuiacha kwa uvivu, maana mtu anayeiga mpaka mguu wa korongo hawezi kuacha pini aliyoiona. Mashine ya mfano ilimfikia bila hiyo pini. Na mashine hiyo ya mfano, ambayo Mwanzia aliitambua kwa kidole, haikutengenezwa kwa ajili ya rafu. Muthoki alijaribu kubadilisha wembe wa ile ya karakana kwa mkono mmoja, akashindwa kabisa. Akaiweka chini, akajaribu hii nyingine: akailaza mezani, akachomeka wembe kwa vidole viwili, akasukuma kijiti kwa gumba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani muda wote.

Mzee alikuwa amemtengenezea mtu mwenye mkono mmoja. Huyo ndiye aliyekuwa akimficha.

* * *

Duka la Roble lilikuwa ghorofa ya pili kwenye jengo la maduka la Eastleigh, limejaa mashine za kunyolea, mikasi, brashi na mafuta ya nywele mpaka darini. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimepakwa hina, adabu zake kamili. Alimvutia Muthoki kiti na kuagiza chai ya iliki kabla hajaonyeshwa kitambulisho.

"Dada Inspekta, nilijua utakuja. Habari ya yule bwana imeniumiza. Lakini mimi sikuiba kitu cha mtu. Nilipewa mkono kwa mkono."

"Mkono wa nani?"

"Niliahidi kutomtaja. Hakutaka shukrani wala hakutaka faida."

"Korongo ni wa Mwanzia. Mwanzia hukumwuliza."

Roble akafungua mikono yake kuonyesha duka zima. "Tazama hapa. Huu mkasi ni wa kuigwa. Brashi hii ni ya kuigwa. Hata kalamu uliyoshika, iko nyingine iliyoitangulia. Tusipoiga, maskini atanyoa na nini? Nilichukua mfano nikampelekea fundi wa Industrial Area, jirani na Mukuru kwa Reuben, nikamwambia aufuate sawasawa. Akafuata kila alichokiona, na alama akaiona. Mimi nilidhani ni kumheshimu mwenye kazi."

"Kumheshimu! Jina la mtu ni lake, Bwana Roble. Ukilibandika kwenye kitu ambacho hajakishika, umemfanya aseme neno ambalo hakulisema." Muthoki aliweka mashine juu ya kaunta. "Na unasema fundi alifuata kila alichokiona. Mwulize asichokiona. Hili tundu ni la nini?"

"La kutolea maji. Ndivyo tunavyowaambia wateja."

"Wewe umelitumia?"

"Mimi sinyoi. Ila baba yangu, Mzee Nuh, anaipenda sana. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia. Sasa anasawazisha mashavu yake peke yake, hataki tena kushikwa uso na mtu."

Muthoki alichomeka wembe, akausukuma kwa kidole mpaka kona ikachomoza ubavuni, akamwonyesha. Akaurudisha, akatia kijiti cha meno tunduni, akasukuma tena. Kijiti kikauzuia. Roble alitazama kijiti, akatazama kona ya wembe.

Simu ilikuwa sikioni mwake kabla kikombe alichokigonga hakijaacha kumwaga chai.

"Kawsar! Aabo yuko wapi? Baba yuko wapi?" Alisikiliza. "Bafuni anafanya nini? Ingia! Ingia mnyang'anye ile mashine, usimwulize, mnyang'anye!"

Walingoja wote wawili. Kutoka ndani ya simu zilisikika hatua za mwanamke akikimbia, mlango, sauti ya mzee ikifoka kwa Kisomali. Muthoki alijikuta ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili. Kisha Kawsar akasema kitu, na Roble akakaa chini kwenye sanduku la sabuni kama mtu aliyekatwa miguu.

"Alikuwa ameshapaka povu," akasema. "Anamtukana dada yangu matusi yote anayoyajua. Alhamdulillahi, acha atukane."

Alijifuta uso kwa kitambaa, mara mbili, mara tatu. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kutoa zile mashine kwenye rafu na kuzitupa ndani ya katoni, na kumwamuru karani wake awapigie simu vinyozi wote waliozichukua, mmoja mmoja, waache mara moja, wazirudishe.

"Anaitwa Nzivo," akasema bila kugeuka. "Anakaa Njiru. Tulikutana kliniki, pale wazee wanapozoezwa mikono iliyokufa. Siku moja alitoa mashine mfukoni akajinyoa mbele ya wote kwa mkono wa kushoto. Wazee walipiga makofi, dada. Baba yangu alilia. Nilimwomba anipe mfano ili na wale wengine wapate. Akanipa wiki iliyofuata. Ilikuwa na tundu tu, haikuwa na pini. Wallahi, haikuwa na pini."

* * *

Nyumba ya Nzivo ilikuwa nje kidogo ya Barabara ya Kangundo, mahali ambapo kila kiwanja kina rundo la mchanga na ndoto ya ghorofa. Mkewe, Kamene, alimfungulia Muthoki geti, akamtazama, akajua ni polisi.

"Karibu, mwanangu. Nilikuwa nasema mtakuja lini."

Sebuleni palikuwa na wanyama wa mpingo kila mahali, vifaru, pundamilia, na twiga wawili warefu pembeni mwa televisheni. Nzivo alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mkono wa kulia umelazwa pajani kama kitu alichokabidhiwa na mtu mwingine. Ndevu nyeupe zilikuwa zimemchipuka usoni kote, za siku kadhaa, shaghalabaghala.

"Hanyoi," Kamene akasema. "Tangu Jumamosi jioni, redio ilipotangaza habari ya yule baba wa harusi na mashine yenye korongo. Na huyu hakukosa kunyoa hata siku moja tangu Mwanzia amtengenezee mashine, ila zile siku alizokuwa ameiazimisha. Anakusikia vizuri, ila maneno yaliondoka na ule mkono. Lililobaki ni moja tu, 'sawa'. Kichwa ndicho kinachosema ndiyo au hapana."

Muthoki alivuta kigoda akaketi mbele ya mzee, magoti yao yakakaribiana. "Shikamoo, mzee."

"Sawa," akasema Nzivo.

"Wewe ndiye uliyemfundisha Mwanzia kuchonga?"

Kichwa kikainama. Ndiyo.

"Ulimpa Roble mashine yako ili wenzako wa kliniki wapate zao?"

Ndiyo.

"Ulimpa nzima?"

Mzee hakutikisa kichwa. Mkono wa kushoto ulipanda polepole, ukapita kifuani, ukapita shingoni, mpaka vidole vikashika sikio. Akalivuta mara mbili.

Muthoki aligeuza macho akawatazama wale twiga wa pembeni. Mmoja alikuwa mzima. Wa pili, wa kale zaidi, aliyeng'aa kwa kushikwashikwa, sikio lake moja lilikuwa limegandishwa kwa gundi nyeusi, na ungeona kwamba limeng'olewa na kurudishwa mara nyingi.

"Nilimwambia ampe na kale kapini," akasema Kamene. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilimwambia, mpe mtu kitu kizima. Akakataa, akanishikia sikio hivyo hivyo. Ndiyo desturi yao ya Gikomba. Mfano ukirudi, ndipo angempa Roble pini aone inavyokaa. Mashine ilirudishwa na dereva, akaiacha kwangu getini, akaenda zake. Huyu alimngoja Roble aje. Alingoja siku nyingi, mwanangu, kila geti likilia anatazama."

Na Roble, ambaye hakuwahi kukaa Gikomba, hakujua kwamba kuna kitu anachongojewa. Twiga akikosa sikio huwa kioja tu, watu wanacheka. Muthoki alifikiria bibi harusi na gauni lake jeupe, na jinsi asubuhi alivyoambiwa habari hii yote mezani, akaipuuza.

Nzivo akatia vidole kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akalifungua kwa meno na kukiweka juu ya meza. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mpingo, chembamba kuliko kijiti cha kiberiti, kichwa chake kimechongwa mviringo ili gumba lishike vizuri. Muthoki alichukua ile mashine mpya mkobani, akakitia tunduni. Kikakaa.

Alipaswa kufurahi. Ushahidi ulikuwa kamili, na kesho asubuhi hakuna hakimu ambaye angemshika Mwanzia kwa mashine ambayo hakuitengeneza. Badala yake aliiweka mashine mezani taratibu, mbele ya mzee.

"Mzee, lazima nikwambie. Mwanzia yuko ndani. Asubuhi ameshika ile iliyoua, akapapasa tundu, akajua ni nakala ya yako. Akaniambia ameitengeneza yeye. Anataka kufungwa yeye."

Kamene aliziba mdomo. Ni wazi alikuwa amemficha mumewe habari hiyo. Nzivo alitazama uso wa mkewe, akaona ni kweli, na kifua chake kikaanza kupanda na kushuka. Mdomo ukafunguka. Alilitafuta neno, yule mzee, alilitafuta kwa shingo, kwa macho, kwa jasho lililomtoka kwenye paji la uso, na lililotoka likawa lile lile.

"Sawa! Sawa! Sawa!" alipaza sauti, na kichwa kikatikisika hapana, hapana, hapana.

Kamene akamshika bega atulie. Mzee akauondoa mkono wa mkewe. Akaegemea kiti, akajiinua mpaka akasimama wima mbele ya Inspekta. Aliichomoa ile pini kwenye mashine, akaitia kwenye kiganja cha Muthoki na kuvifunga vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

Halafu akanyoosha mikono ili afungwe pingu, na ulionyanyuka ukawa mmoja tu.

"Sawa," akasema.